Kebo Iliyoyeyuka Ncha Zote Mbili

Jumamosi, tarehe tisa Machi, saa nne asubuhi, nilikuwa nimelala chali juu ya katoni chini ya pikapu kuukuu huko Kiuu, na mgongo wangu ukinikumbusha kwamba nilistaafu kwa ushauri wake. Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi ya umeme wa magari, hasa mliotoka chuoni juzi, kwa sababu nilichokiona asubuhi hiyo kilinirudisha kwenye kosa nililolifanya miaka kumi na saba iliyopita. Aliyelipia kosa hilo ni mtu mwingine.

Aliyeniita Kiuu ni Wairimu. Nilimfundisha katika chuo cha ufundi, na sasa ana karakana yake: mabati manne, kontena moja, na kibao alichokiandika kwa mkono wake. Hunipigia simu mara chache sana.

"Mwalimu, kuna pikapu hapa itanimaliza," aliniambia. "Nimebadilisha kebo ya mafuta mara tatu tangu Krismasi. Tatu! Mwenyewe ameanza kusema nauza kebo feki."

Kebo ya mafuta, kwa asiyeijua, ni uzi wa chuma unaopita ndani ya ala ya plastiki kutoka kwenye pedali hadi kwenye injini. Ukikanyaga, unavuta, ukiachilia, unarudi. Haina kazi nyingine. Kebo tatu alizozitoa Wairimu zilikuwa zimepangwa juu ya ndoo, na zote zilikuwa zimeyeyuka ala, plastiki ikaung'ang'ania uzi.

Mwenye gari, Baba Kamau, msafirishaji wa kabeji, alikuwa amesimama hapo akila hindi la kuchoma. Niliiona miguu yake tu.

"Huyu mathe ndiye fundi?" alimuuliza Wairimu, yaani huyu mama mzee.

"Huyo si mathe, huyo ni mwalimu wangu."

"Haiya! Kumbe hata walimu wanalala chini siku hizi?"

"Tunalala," nikamjibu kutoka chini, "ndiyo tuone vile mlifanya."

Akacheka hadi punje ya hindi ikamtoka mdomoni ikaangukia karibu na sikio langu.

Kabla sijawaeleza nilichokipata, niwaombe mshike jambo moja. Umeme wa gari ni safari ya kwenda na kurudi. Kwenda, hupita katika waya zenye rangi, zilizofungwa vizuri, na kila fundi huziangalia. Kurudi, hupita katika chuma chenyewe cha gari, katika bodi na chasisi, hadi kwenye nguzo hasi ya betri. Njia hiyo ya kurudi ndiyo tunayoiita athi. Haina rangi wala fyuzi, na kwa kuwa haionekani, haiangaliwi. Katika pikapu iliyokula chumvi ya miaka ishirini na mitano, nusu ya magonjwa ya ajabu yanatoka huko.

Nilipata kuona pikapu moja Ruiru, mali ya mzee wa kanisa, ambayo ukikanyaga breki, indiketa zote mbili za nyuma zilimemeteka na redio ikanyamaza. Mzee alikuwa ameizoea. Aliniambia kwa utulivu kabisa, "Nikitaka kusikia habari, sifungi breki." Mafundi wawili walikuwa wamemuuzia swichi ya breki, na wa tatu akamshauri abadilishe waya zote. Dawa ilikuwa skrubu moja yenye kutu nyuma ya taa. Umeme wa taa za breki ulikosa njia ya kurudi nyumbani, ukawa unazunguka kupitia balbu za majirani, kama mgeni anayekuta geti limefungwa akapita katika shamba la watu. Niliifungua skrubu, nikapiga msasa mpaka chuma kikang'aa, nikaifunga tena. Mzee alijaribu breki mara saba, redio ikiimba mfululizo, kisha akaniuliza kama naweza kuirudisha ilivyokuwa wakati wa mahubiri ya mpinzani wake.

Aliyenifundisha kufikiri hivyo ni Mzee Gurdip, Singasinga aliyekuwa na karakana mtaa wa viwandani Thika. Aliniajiri nikiwa na miaka ishirini na minne, mwanamke pekee katika uwanja ule, nikiwa na diploma niliyoipenda kupita kiasi. Hakuwahi kuniita kwa jina. Aliniita Diploma.

"Diploma, hii stata inavuta pole pole. Shida ni nini?"

Nikaanza kutoa mita yangu kwenye kasha lake.

"Wacha hiyo. Mkono yako iko wapi?"

Alimwambia mtu apige stata, ile mota ya kuwashia injini, kisha akaushika mkono wangu akaupeleka juu ya waya wa betri, kiungo kwa kiungo, kama daktari anayetafuta maumivu. Kiungo cha tatu kilikuwa cha moto. "Hapo," akasema. "Umeme akisumbuliwa, anachemka. Kama wewe tu. Mita inajibu kile umeuliza. Mkono inajibu hata kile hujauliza."

Nilimheshimu, lakini moyoni niliona ule ni ufundi wa kubahatisha. Nilikuwa na mita yenye tarakimu. Mtu aliyesoma, niliwaza, hapapasi.

Turudi Kiuu. Nilimuuliza Wairimu kama ameipima athi ya injini.

"Mara mia, Mwalimu. Ncha moja ya mita kwa injini, ncha moja kwa bodi. Inasoma sifuri. Athi iko sawa."

"Uliipima gari likiwa limezimwa?"

"Ndiyo. Si ndivyo ulitufundisha?"

Ndivyo nilivyowafundisha.

Injini, vijana wangu, haigusani na bodi. Imekalia mipira mizito ili isitutikise, na mpira haupitishi umeme. Kwa hiyo kuna mkanda wa shaba uliosukwa, mpana kama ukanda wa saa, unaounganisha injini na bodi. Stata inapozunguka, umeme mwingi kuliko wa taa zote kwa pamoja hurudi kwa mkanda huo mmoja. Mkanda ukiwa mbovu, umeme hautaacha kurudi. Utatafuta chuma kingine chochote kinachotoka kwenye injini kwenda kwenye bodi. Na kipo kimoja, chembamba, ndani ya ala ya plastiki: kebo ya mafuta. Kila unapopiga stata, kebo hiyo inapata moto kama waya wa jiko la umeme, ala inalainika na kuung'ang'ania uzi, na pedali inakwama hadi upoe.

Sasa oneni mtego. Ukipima athi gari likiwa limezimwa, mita inapitisha umeme mdogo sana, na kebo ya mafuta inatosha kuupitisha. Mita inasoma sifuri, nawe unaandika kwamba athi ni nzuri. Mita haijadanganya. Umeiuliza kama ipo njia, nayo imekujibu kwamba ipo. Hukuiuliza ni njia gani.

Swali sahihi huulizwa kazi ikiendelea. Weka mita kwenye volti. Ncha moja kwenye nguzo hasi ya betri, nyingine kwenye chuma kisafi cha injini, kisha mtu apige stata. Ikisoma chini ya nusu volti, nenda zako ukatafute kwingine. Tulipofanya hivyo Kiuu, ilisoma volti tatu na zaidi.

"Ngai!" Wairimu akasema.

Kisha nikafanya alichonifundisha Mzee Gurdip. Nikaupeleka mkono kwenye kebo ya mafuta, mpya kabisa, iliyofungwa jana yake. Nikautoa haraka. Wairimu naye akagusa, akavipuliza vidole vyake, akanitazama.

Mkanda wa shaba ulikuwepo, tena mzima. Nikaifungua bolti yake kwenye bodi. Chini yake palikuwa peusi, laini, panang'aa kama kiatu cha Jumapili. Rangi.

"Baba Kamau," nikaita, "nani alipaka rangi ndani ya boneti?"

Miguu ikasogea karibu. "Hiyo ni ya Desemba, mwalimu. Tulikuwa na ruracio ya kijana wangu. Sasa utaenda kwa wakwe kupeleka mahari na pikapu inakaa kama imetoka vita? Niliambia wale wa spreyi wapige kila kitu, hata ndani. Wakwe wakifungua boneti waheshimu."

"Na walifungua?"

Akafikiri. "Hakuna mtu alifungua."

Wapaka rangi walikuwa wameufungua mkanda, wakapaka bodi yote bila kuacha hata doa, kisha wakaufunga tena juu ya rangi kwa uaminifu mkubwa. Wairimu alikwangua mahali pale kwa msasa hadi chuma kikawa cheupe, akaweka washa yenye meno, ile pete ya chuma inayouma bodi, akakaza, na baada ya kukaza akapaka grisi kuzuia kutu. Mshike mpangilio huo: chuma kitupu kwanza, kukaza pili, grisi mwisho. Tukapima tena. Sehemu ya kumi ya volti. Stata ilizunguka kwa ukali ambao Baba Kamau hakuwa ameusikia tangu mwaka jana.

"Kwa hivyo kebo hazikuwa feki?" akauliza, sauti imeshuka.

"Hazikuwa," nikasema.

"Wairimu, mama, unisamehe. Nilikuwa nimekusema vibaya hadi kwa soko."

"Basi uende useme vizuri hapo hapo kwa soko," Wairimu akamwambia.

Wote wakacheka. Mimi nilikuwa nimeishika moja ya zile kebo mbovu, nikiigeuza. Ala yake ilikuwa imeyeyuka ncha zote mbili, mahali inapogusa chuma, na katikati ilikuwa nzima. Nilikuwa nimewahi kuiona kebo kama hiyo.

Miaka kumi na saba iliyopita, mwenye depo moja ya maziwa Thika aliniita nikague pikapu yake. Nilikuwa nimeacha karakana na kuanza kufundisha, na jina langu lilikuwa limepanda bei. Dereva wake, Bwana Mutiso, alikuwa ameigonga nguzo ya geti asubuhi moja, dakika chache baada ya kuwasha gari. Hakuna aliyeumia, ila maziwa ya wakulima yalimwagika hadi barabarani. Mwenye depo alitaka kujua kama ni gari au ni mtu.

Mutiso alikuwa mtu mpole, mwenye kuvaa koti hata kwenye joto. Alinifuata nilipokuwa nikikagua. "Madam, pedali ilikwama," aliniambia. "Inakwama nikishawasha tu. Nikienda mbali hainisumbui."

Nilimwambia nimesikia. Nikapima athi ya injini, gari likiwa limezimwa. Sifuri. Nikachapa ripoti ya kurasa mbili, yenye vichwa vya habari, na mwishoni nikaandika kwamba mfumo wa umeme hauna hitilafu, na kwamba kebo ya mafuta imeharibiwa na joto la egzosi, bomba la moshi, na matumizi mabaya. Mwenye depo alinishukuru kwa kazi safi. Mutiso alifukuzwa kwa barua yenye neno uzembe, na ripoti yangu ikapachikwa nyuma yake.

Jumamosi ile nilirudi nyumbani kwangu Kahawa Wendani, nikashusha sanduku la madaftari ya kazi kutoka juu ya kabati. Nilizoea kuandika kila gari nililolishika, kwa kalamu, papo hapo. Nililipata. Mwandiko wangu wa wakati huo ulikuwa mzuri. Nilikuwa nimechora injini ile kutoka juu, egzosi upande wa kulia, kebo ya mafuta upande wa kushoto, haikaribii egzosi hata kidogo. Kando nilikuwa nimeandika: kebo imeyeyuka ncha zote mbili. Na chini yake: injini ilibadilishwa mwaka jana, tundu la bolti tupu kwenye bodi.

Tundu tupu! Mafundi waliobadilisha injini hawakuurudisha mkanda wa athi. Mpaka leo hufanyika hivyo huku kwetu: injini iliyotumika inashushwa, ya zamani inatolewa, gari linawaka, na kile kipande cha shaba kinabaki kwenye mchanga au kinapelekwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kwa kuwa gari limewaka bila hicho. Kila kitu nilichokihitaji nilikuwa nacho mkononi siku ile. Macho yangu yaliona, kalamu yangu ikaandika, na ripoti ikasema kinyume, kwa sababu mita ilikuwa imesema sifuri na mimi nilikuwa mtu wa mita. Ningaliugusa ule uzi kwa mkono baada ya kupiga stata, mara moja tu, ningalijua.

Nilijua Mutiso anaishi wapi. Jambo hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nikikutana naye mara moja moja sokoni Juja, naye kila mara alivua kofia akanisalimu, "Habari ya kazi, Madam?" Nami nilijibu njema.

Nilikwenda kwake Theta Jumapili iliyofuata, baada ya ibada. Nilimkuta kwenye shamba lake la nyanya akifunga mimea kwenye vijiti. Mkewe aliniletea chai kabla hajaniuliza nimefuata nini. Nilimfungulia Mutiso daftari, nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi, polepole, nikimwonyesha mchoro. Alinisikiliza akiwa ameishika kofia magotini.

"Kwa hivyo haikuwa mguu wangu," akasema.

"Haikuwa mguu wako."

Alimwonyesha mkewe kwa kidevu. "Unajua, Madam, huyu mama aliniamini tangu siku ya kwanza. Mimi ndiye niliacha kujiamini. Nilisema, mtu amesoma, amekuja na mashine, ameandika. Labda nilikanyaga nikafikiri nimeachilia. Miaka hii yote nikilala, mguu bado unajaribu kuachilia."

Nilimwomba msamaha. Mkewe alitazama upande wa nyanya. Mutiso aliniambia amenisamehe, kwa namna ya mtu anayemkaribisha mgeni chai, yaani bila kufikiri sana, kisha akafikiri.

"Kuna shule hapa chini wanataka dereva wa basi," akasema. "Mwalimu mkuu ananijua, ananitaka. Lakini alisema nilete barua ya mahali niliendesha mwisho. Sikuenda kuiomba. Ningeenda kuomba karatasi iliyoandikwa uzembe?"

"Nitamwambia mwenye depo. Naweza kumpigia leo."

"Hapana." Alisema hilo kwa upole uleule wa miaka kumi na saba iliyopita. "Ile ulichapa. Na hii uchape."

Vijana wangu, kuchapa ripoti ya kwanza kulinichukua saa moja. Ya pili ilinichukua wiki tatu. Rasimu ya kwanza ilijaa umeme, ya pili ikajaa mimi. Ya tatu nilimsomea Wairimu kwa simu, naye akaniuliza, "Mwalimu, sasa hapo umesema ulikosea, ama umesema vile watu hukosea?" Nikaichana. Hii ndiyo niliyoipeleka Thika kwa mkono, nakala moja kwa mwenye depo na nyingine Theta.

*

Kahawa Wendani,
2 Aprili.

Kwa Mwenye Depo,

Natumaini u mzima na kazi yaendelea vyema.

Miaka kumi na saba iliyopita uliniita nikague pikapu yako iliyogonga nguzo ya geti, ikiendeshwa na Bwana Mutiso. Nilikuandikia kwamba umeme wa gari hauna hitilafu na kwamba kebo ya mafuta iliharibiwa na joto la egzosi na matumizi mabaya. Ripoti hiyo haikuwa sahihi, na ninaiondoa.

Pikapu yako haikuwa na mkanda wa athi kati ya injini na bodi. Haukurudishwa injini ilipobadilishwa. Kila mara gari lilipowashwa, umeme wa stata ulirudi kupitia kebo ya mafuta, ukaichemsha, na ala yake ikayeyuka na kuushika uzi. Nililiona tundu tupu la bolti. Niliona pia kwamba egzosi ilikuwa upande wa pili. Naambatisha ukurasa wa daftari langu wa siku hiyo ili usilazimike kuniamini kwa maneno tu, kwa maana uliwahi kuniamini hivyo. Nilipima vibaya, na nilipoona dalili zisizolingana na kipimo changu, niliziacha dalili.

Hukukosea kunitegemea. Nilikosea mimi. Lakini barua uliyompa Bwana Mutiso ilisimama juu ya ripoti yangu, na ripoti ikiondolewa, neno uzembe halina cha kusimamia. Nakuomba uliondoe katika faili lake, na umwandikie cheti cha utumishi kinachosema ukweli kuhusu miaka aliyokuendeshea kabla ya asubuhi ile. Kuna watu wanaokisubiri. Ukitaka nije mbele yako, au mbele ya mtu yeyote, niyaseme haya kwa mdomo, nitakuja siku utakayopanga.

Siku ile Bwana Mutiso aliniambia jambo moja. Nililiandika katika daftari langu, utaliona mstari wa mwisho wa ukurasa, na sikuliandika katika ripoti. Naliandika sasa mahali lilipopaswa kuwa.

Pedali ilikwama.

Wako mwaminifu,
Njoki, fundi wa umeme wa magari, mstaafu.